Mchicha Penye Maji Yasiyokauka: Kutoka Mhunze Hadi Machimboni

Nilisafiri kwa sababu ya swali moja ambalo binti yangu aliniuliza kwenye simu, Jumapili mchana, nikiwa nje napepeta mtama. "Mama, mchicha nakula kila siku, mchana na jioni, kama ulivyoniambia. Mbona damu haipandi?"

Kabula ni mtoto wangu wa mwisho. Ana mimba ya miezi sita, mimba yake ya kwanza, na anaishi na mume wake, Masanja, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita, ukishapita Bulyanhulu. Kliniki walikuwa wamempima wakamwambia damu yake iko chini, wakampa vidonge. Akavimeza. Mchicha akala. Aliporudi kupimwa, damu ilikuwa imeshuka tena. Sasa kichwa kilimuuma, vidole vilimtetemeka akitaka kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, na mdomoni alisikia ladha kama ya mtu aliyelamba sarafu.

Wanaonifahamu hapa Mhunze wanajua kwamba mchicha ndiyo kazi yangu. Nilifundisha sayansi kimu hadi nikastaafu, na tangu hapo nawafundisha kina mama wa kikundi chetu mapishi ya mboga za majani. Nimesema mara nyingi, hata wengine wananiita Mama Mchicha, kwamba majani haya yana madini ya chuma yanayousaidia mwili kutengeneza damu, yana foleti anayoihitaji mtoto tangu akiwa tumboni, yana vitamini A ya macho, yana kalisi ya mifupa, na hayahitaji shamba kubwa. Kabula amekulia kwenye maneno hayo. Kwa hiyo aliponiuliza swali lile nilibaki nimeshika ungo, mtama unamwagika chini, kuku wanafurahi.

Baadaye nikajipa jibu: anapika vibaya. Mtu anaweza kuwa na mboga bora kabisa akaiua jikoni. Nikaamua kwenda kumwona akipika, kwa macho yangu.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa kituoni Mhunze na mfuko wangu. Ndani nilikuwa na karanga zilizokaangwa, malimau kumi na mawili, nsansa kidogo, yaani yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo Kabula anayapenda tangu utotoni, na mfuko wa unga wa mchicha nafaka. Huu wa mwisho niueleze kwa wasioujua. Kuna mchicha unaolimwa kwa ajili ya majani, na kuna ule unaoachwa ukomae utoe mbegu. Mbegu zake ni ndogo kuliko ulezi. Ukizikaanga kwenye sufuria kavu zinaruka kama bisi, kisha unazisaga na kuchanganya kwenye unga wa uji. Zina protini ya namna ambayo mahindi yamepungukiwa nayo, ndiyo maana viwili hivyo vikikutana kwenye bakuli moja vinasaidiana.

Mkulima jirani yangu alinisindikiza hadi kwenye basi. Aliona uso wangu akasema, "Mama Kabula, usiende umekunja uso hivyo. Mtoto wa kwanza humsumbua kila mtu." Nikamjibu ndiyo, lakini kwenye kiti nilijikuta nahesabu miezi kwa vidole, kana kwamba ingeweza kubadilika.

Shinyanga mjini nilifika mapema nikabadilisha basi. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimeshakaa. Kuanzia Tinde hadi Isaka nchi ilikuwa ya rangi moja, majani makavu na vumbi, na ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika wakifuata njia ya kwenda majini. Nilikuwa nawaza: kwa kiangazi hiki, Kabula anapata wapi mchicha kila siku? Nikajijibu kwa fahari kidogo. Anaupata kwa sababu mbegu nilimpelekea mimi, na maelekezo nilimwandikia mimi, kwa mkono wangu, kwenye karatasi niliyoizungushia chupa ya mbegu: *Changanya na mchanga ili zisidondoke kwa wingi. Panda penye maji yasiyokauka.*

Isaka tulisimama kwa muda mrefu. Malori ya mizigo ya kwenda magharibi yalikuwa yamejipanga barabarani, na basi letu likakwama nyuma yao. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mfanyabiashara wa vitenge anayezunguka machimboni, mwanamke mcheshi aliyejitambulisha kama Mama Pili. Aliona mfuko wangu akauliza nimebeba nini. Nilipomwambia, alicheka hadi akashika kifua.

"Unga wa mchicha! Kwa watu wa dhahabu! Mama yangu, kule siku duara, lile shimo lao, likitema dhahabu watu wanakula nyama choma mpaka meno yanauma."

"Na siku halijatema?"

"Siku hiyo wanakula matumaini." Akajifuta machozi ya kicheko. "Lakini nisiseme uongo, mchicha upo. Kuna bustani moja kule, sijaona kitu kama kile. Kiangazi hiki hiki! Majani kama sikio la ndama."

Nilipomuuliza bustani ya nani, akasema hajui jina, ni ya kijana mmoja wa Kisukuma ambaye mkewe ni mjamzito. Nilifurahi, nikamwambia ni binti yangu. Mama Pili akanipa mkono wa pongezi. Sasa, ninapoandika, mkono ule bado nausikia.

Kabla basi halijaondoka, simu iliita. Ilikuwa Kabula. Alikuwa ameona kizunguzungu akikinga maji, akakaa chini, sasa yuko sawa, nisiwe na wasiwasi. Mtu akikwambia usiwe na wasiwasi kwa sauti nyembamba namna ile, unafanya nini? Nilitazama malori yale. Nilitamani nishuke nitembee.

Kahama tulifika baada ya saa saba mchana. Nilipata gari la kwenda Kakola, na kutoka Kakola nikachukua bodaboda. Barabara ya mwisho ni njia nyekundu inayopita kati ya vichaka, pikipiki zinapishana zikiwa zimebeba viroba vya mawe, mapipa ya maji, vitanda, mbuzi. Dereva wangu alikuwa mtu mzima mpole aliyenisalimu shikamoo kabla ya kuwasha. Kila baada ya bonde alisema, "Tumekaribia, mama." Tulikaribia kwa muda wa saa nzima.

Machimboni, saa kumi jioni, sauti ndiyo inayokupokea kwanza. Ni makarasha, mashine za kusaga mawe, yanayonguruma bila kupumzika. Nyumba ni za mabati na maturubai. Kabula aliningojea mlangoni kwa jirani yake, Mama Swaumu, mwanamke kutoka Kondoa mwenye mgahawa mdogo wa kuwalisha wachimbaji. Ilipangwa nilale kwake. Kwetu Wasukuma, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe wa kiume, hawali pamoja, wala hawaongei ana kwa ana bila sababu kubwa. Masanja ni kijana anayeshika mila; aliposikia sauti yangu alizunguka nyuma ya nyumba na kunisalimu akiwa huko huko.

"Wangaluka, mayu!" Mayu kwetu ni mama, lakini wangaluka ni salamu ya asubuhi. Nilijua wasiwasi ulikuwa umempata na yeye.

Kabula nilimkumbatia, nikamtazama. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nilivuta chini ngozi ya jicho lake kama nilivyokuwa nikimfanyia akiwa mdogo, na pale penye wekundu palikuwa pamepauka. Akacheka, "Mama, hata hujakaa!" Nilicheka pia ili asione uso wangu.

Jioni ile ile nilimwambia apike kama anavyopika siku zote, mimi nitakaa kwenye kigoda nisiseme kitu. Nilishindwa kunyamaza mapema sana. Alichemsha mchicha katika maji mengi, akaweka magadi ili ulainike, akauacha hadi sahani za ugali zikawa tayari, kisha akamwaga maji yote ya kijani nje. Baada ya kula alijimiminia kikombe cha chai ya rangi nzito, akachukua kidonge chake cha damu, akakimeza kwa chai hiyo.

Nilihisi mzigo unashuka mabegani. Haya ndiyo yalikuwa makosa niliyoyafuata. Nikamweleza taratibu, naye Mama Swaumu akasogea kusikiliza, mwiko mkononi.

"Mwanangu, magadi yanalainisha lakini yanaharibu vitamini C na ile foleti ya mtoto. Maji uliyomwaga nayo yameondoka na sehemu. Osha majani kabla ya kukata, usikate ndipo uoshe. Kaanga kitunguu na nyanya kwenye mafuta kidogo, tia mchicha, koroga, funika dakika chache tu. Ukiona umenywea na bado ni kijani, epua. Tia karanga za kusaga. Mafuta yake yanausaidia mwili kuchukua vitamini A. Mwisho, kamulia limau. Chuma cha majani ni kigumu kuingia mwilini, limau linakifungulia mlango."

"Na chai?" akauliza Mama Swaumu, ambaye anauza chai kuanzia alfajiri.

"Chai inaufunga mlango ule ule. Inywe saa moja au mbili baada ya chakula. Na kidonge kimeze kwa maji. Tena mchicha hauchukui nafasi ya kidonge. Vinakwenda pamoja, na maharage na dagaa navyo visikosekane."

"Basi mimi nimekuwa nawafungia watu milango miaka yote," alisema Mama Swaumu. "Wateja wangu wakisikia watanidai damu yao."

Tulicheka. Nililala nikiwa na amani kidogo. Nilidhani safari yangu imekwisha kupata jibu lake.

Alhamisi asubuhi, saa moja, nilimwomba Kabula anipeleke bustanini tuchume tupike kwa njia mpya. Alitembea mbele yangu, mkono kiunoni, akinieleza jinsi Masanja alivyoshughulika. "Alisema mbegu za mayu zisife mikononi mwake. Alichimba mfereji peke yake siku mbili."

Mama Pili hakutia chumvi. Matuta manne ya mchicha yalisimama katikati ya nchi iliyokauka. Majani yalikuwa mapana kuliko kiganja changu, mashina manene kama kidole gumba, kijani iliyokolea. Niliinama nigeuze jani moja nitafute mayai ya wadudu, maana hiyo ni desturi yangu. Sikuona kitu. Nikageuza jingine. Hakuna tundu hata moja. Mchicha usio na mdudu nimeuona kwa watu wanaopiga dawa, na Kabula hakuwa na dawa.

Ndipo nikaufuata mfereji kwa macho. Ulitoka kwenye matuta, ukapita chini ya mti wa mgunga, ukaishia kwenye bwawa la maji ya kijivu. Kando ya bwawa wanaume wanne walikuwa wanaosha mchanga wa mawe yaliyosagwa. Mahali hapo wao wanapaita mwalo. Mmoja, aliyevaa gambuti, alikuwa amechutama akizungusha karai kwa mkono mtupu, na ndani ya karai kitu kilimeremeta kama kioo kilichoyeyuka.

"Ile ni nini?" nilimuuliza Kabula, ingawa nilijua.

"Zebaki, Mama. Wanachanganya na mchanga, inakamata dhahabu."

"Na maji yanayobaki?"

"Yanarudi bwawani. Hayakauki kabisa, hata kiangazi."

Nilikaa chini kwenye tuta. Kabula alidhani nimechoka. Nilimuuliza kama anakumbuka karatasi niliyoizungushia chupa. Alisema anayo, akaitoa ndani ya kadi yake ya kliniki, imekunjwa mara nne. Mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. *Panda penye maji yasiyokauka.* Katika machimbo yale yote, maji yasiyokauka yalikuwa mahali pamoja tu, na Masanja alipatafuta hadi akapapata.

"Kabula, mchicha huu tusiule."

"Lakini nauosha mara tatu, Mama."

"Unaosha vumbi. Kilichopandishwa na mizizi kiko ndani ya jani. Ni kama chumvi iliyokwisha kuingia kwenye nyama. Utaisuuza nje, ladha itabaki."

Aliweka mkono tumboni. Niliikunja karatasi ile, nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu.

Saa tatu tulikuwa zahanati. Muuguzi, mwanaume wa makamo mwenye sauti ya chini, alitusikiliza hadi mwisho. Alisema dalili zile zinaweza kuwa za damu kupungua, zinaweza kuwa za zebaki, zinaweza kuwa za vyote viwili. "Hapa sina kipimo cha zebaki. Nitawaandikia barua mwende hospitali kubwa. Lakini kuacha kula hakuhitaji kipimo. Acheni leo."

Kisha akamuuliza Kabula mume wake anachomea wapi dhahabu yake, kwa maana zebaki huondolewa kwenye dhahabu kwa moto, na moshi wake ni hatari kuliko maji. Kabula akasema ni huko huko mwaloni. "Sawa. Asije akachomea jikoni, hata siku moja. Na nguo za kazi avulie nje, zifuliwe mbali na vyombo."

"Na mtoto?" niliuliza.

Aliweka kile kifaa cha mfano wa pembe kwenye tumbo la Kabula, akainamisha sikio. Niliyasikia makarasha ya mbali, nikatamani yanyamaze. "Mapigo yapo, na ni mazuri," alisema. "Zaidi ya hapo, mama, siwezi kukudanganya."

Tuliporudi nilimweleza Mama Swaumu kwanza. Sufuria yake ilikuwa jikoni, imejaa mchicha aliokata bustanini kwa Kabula, kama alivyofanya kila siku. Alisimama akiitazama. "Nimewalisha watu," alisema. "Nimewalisha wanangu." Akaibeba sufuria kwa vitambaa viwili, akaenda kuimwaga kwenye shimo la choo. Aliporudi alianza kumenya viazi.

Saa kumi na moja jioni Masanja alitoka kazini. Sasa ilibidi aambiwe, na mila inataka maneno kati yangu na yeye yapitie kwa mtu. Nilikaa upande mmoja wa ukuta wa bati wa mgahawa, yeye akakaa upande wa pili. Mama Swaumu akasimama penye uwazi, anatuona wote wawili.

"Mwambie mkwe wangu," nilianza, "kwamba namshukuru kwa bustani."

"Masanja, mama anashukuru kwa bustani."

"Mwambie mayu, wabeja."

"Anasema wabeja, yaani asante. Jamani nyie, mko hatua mbili na mnasikilizana, mimi nina viazi vinaungua."

Nilieleza yote kupitia kwake: mizizi, zebaki, muuguzi. Kutoka upande wa pili sauti ya Masanja ikaja, ya heshima lakini imekaza.

"Mwambie mayu, maji yale mimi nayakanyaga mwaka wa nne. Sijaanguka. Na kambi nzima inakula mboga ile. Halafu mwambie, kama ni mbaya, kwa nini ndiyo iliyonona kuliko zote?"

Mama Swaumu alinigeukia, na kwa mara ya kwanza hakurudia maneno. Niliona kwamba jibu la hili alitaka kulisikia yeye pia.

Nilijua jibu la darasani. Mmea hunywa unachopewa. Kinachomdhuru mtoto tumboni si lazima kiudhuru mmea. Na mtu mzima anaweza kubeba kwa miaka kitu ambacho mtoto hawezi kukibeba kwa miezi. Nilisema hayo. Lakini nilisikia kwamba hayatoshi, kwa sababu yalikuwa yanamfanya kijana yule mkosaji, na mkosaji hakuwa yeye. Alikuwa amenitii kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.

Nikasimama, nikapita kwenye uwazi, nikaenda mbele yake. Aliinamisha kichwa haraka, akageuka pembeni. Mama Swaumu akasema, "Yallah."

"Masanja, mwanangu. Nisamehe kwa kuvuka. Hukukosea wewe. Kwenye karatasi nimeandika mimi. Sikuuliza maji yako ni ya namna gani. Niliandika kama mtu wa Mhunze, ambako maji yasiyokauka ni neema. Wewe umefuata neno langu. Nimekuja kulirudisha."

Hakuniangalia. Alikuwa anapangusa tope kavu kwenye mkono wake, polepole, kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Kisha akanyanyuka akaondoka, na mimi nikabaki sijui kama nimemwokoa mjukuu wangu au nimemvunjia binti yangu nyumba.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, niliamshwa na jembe. Nilitoka nikaona kwa mbali Masanja yuko bustanini. Alikuwa ameshang'oa matuta mawili. Hakuyaacha majani yale juu ya ardhi, asije mbuzi wa mtu akala. Aliyafukia kwenye shimo refu. Wenzake wa mwaloni walikuwa wamesimama wanamtazama, na mmoja akapaza sauti, "Masanja, umetishwa na mama mkwe!"

"Nimetishwa," alijibu bila kuinua kichwa. "Mkeo wewe hana mimba?"

Yule bwana hakucheka tena. Baadaye nilimwona amekuja kwa Mama Swaumu kuuliza kitu kwa sauti ya chini.

Kuanzia siku hiyo hadi Jumapili tulifanya kazi. Kabula alileta viroba tupandie mchicha nyumbani, nami nikalazimika kuvikataa, kwa kuwa vilikuwa vimebeba mawe ya dhahabu. Tukatumia mifuko ya mchele kutoka mgahawani. Udongo Masanja aliubeba kwa pikipiki kutoka zizi la zamani la mfugaji mmoja, juu mlimani, ambako mwalo haujawahi kuwepo. Kumwagilia, maji ya bomba la kijiji, yanayotoka kwa zamu na kununuliwa kwa ndoo. Mifuko minane ilisimama kando ya mlango, imejaa udongo mweusi na mbegu zilizobaki kwenye chupa, bila jani.

Jumamosi nilikwenda gulioni Kakola kununua mchicha wa kula. Kila muuzaji nilimuuliza, "Umelima wapi? Maji unatoa wapi? Jirani yako wa juu ni nani?" Mama mmoja aliweka mikono kiunoni. "Mama yangu, unanunua mboga au unaposa?" Watu wakacheka. Lakini alinijibu: anatokea kijiji cha wakulima, bonde lake halina machimbo, anamwagilia kwa kisima. Nilichukua mafungu manne. Jioni Kabula alipika mwenyewe, dakika chache, karanga, limau. Alikula kwa hamu. Masanja alipelekewa sahani yake nyuma ya nyumba, na baada ya muda sauti ikaja kupitia ukutani, moja kwa moja, bila mjumbe: "Mayu, tamu."

Jumatatu alfajiri niliondoka. Masanja alikuwa ameahidi kumpeleka Kabula hospitali kubwa wiki ile ile, na alishika ahadi. Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, Kakola, Kahama, Isaka na malori yake, lakini sikuwa na fahari niliyokwenda nayo. Nilitazama kila kijani kilichosimama kando ya barabara na kujiuliza kinakunywa nini.

Sasa niko Mhunze. Kikundi chetu kilipokutana niliwasimulia wenzangu yote, na karatasi ile niliwaonyesha. Mapishi sijabadilisha; mchicha bado ni chakula chema, na ningemwambia mama yeyote mjamzito aule pamoja na vidonge vyake. Lakini mbegu sitoi tena mpaka aliye mbele yangu anieleze udongo wake, maji yake, na kinachofanyika juu ya maji hayo. Wengine wananiona nimekuwa msumbufu. Nawavumilia, nao wananivumilia.

Kabula alipimwa tena. Damu imepanda, kidogo. Kichwa kimepungua kuuma. Majibu ya kipimo cha zebaki hayajarudi bado, na kila simu ikiita nafuta mikono kwenye kanga kabla ya kuishika.

Jana amenitumia picha ya mifuko yetu. Miche ni dhaifu, majani membamba, hayafikii nusu ya yale ya bwawani. Mawili yametobolewa pembeni. Chini ameandika: "Mama, wadudu wameanza kuula."

Mdudu si kipimo, hilo nalifahamu vizuri. Hata hivyo nimeyatazama matundu yale kwa muda mrefu, nikaikuza picha, nikayahesabu. Kisha nikamjibu: "Waache wale kidogo."